Asilimia Mia ya Uchangamfu

Palikuwa na nchi moja, mbali sana na hapa, na tafadhali msitazamane hivyo, nimesema mbali. Ilikuwa nchi yenye amani nyingi, nyingi kiasi kwamba ilibidi ilindwe kutwa kucha na watu wenye bunduki isije ikaibiwa. Ilikuwa na Mtukufu mmoja na mawaziri sitini na wawili. Na katika mji wake mkuu, nyuma ya maegesho ya malori, ilikuwa na mwanamke aitwaye Sikudhani Mbaruku, muuza magunia na vifungashio.

Ukiuza magunia unazijua siri za watu. Sikudhani alijua nani amevuna na nani ameangukia pua, kwa kutazama tu magunia aliyobeba mtu begani. Siku moja mteja wake wa karanga alikuja dukani ameshika kichwa: mzigo umelala njiani, lori limekatika ekseli. Na kwenye benchi lilelile la dukani alikuwa ameketi Zuberi Malori, akilalamika tangu asubuhi kwamba gari lake linarudi tupu. Wawili hao walikaa bega kwa bega saa nzima, kila mmoja akipuliza chai yake na kuugua shida zake. Sikudhani akawatambulisha, mambo yakaisha. Jioni akajiuliza ni wangapi wengine wanaokufa kwa kiu huku wamekalia kisima. Akachukua simu, akafungua kundi, akaliita Kukwamuana.

Kundi lilianza na watu saba, likafika arobaini na watatu, naye akafunga mlango. "Nikiongeza sitawajua majina ya watoto wao," alisema, "na nisipowajua watanidanganya." Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila asubuhi saa moja yeye ataandika swali lilelile, "Nani amekwama leo?", na aliyekwama aseme amekwama wapi, na anayejua njia amwonyeshe. Ya pili, hakuna maua.

Hili la maua linahitaji maelezo. Katika nchi ile, na labda katika nchi nyingine ambazo mimi sizijui, watu wakikusanywa kwenye kundi moja la simu hupatwa na maradhi ya kutumiana picha za waridi lenye umande, chini yake pameandikwa kwa rangi ya dhahabu, "Uwe na siku yenye baraka." Yakija maua kumi, mtu aliyekwama bandarini na samaki wanaooza haonekani tena. Sikudhani aliyachukia maua yale kwa chuki safi ya moyo. "Atakayetuma ua namtoa," alionya, "hata awe shemeji yangu." Siku ya pili shemeji yake akatuma ua. Akatolewa kabla umande haujakauka, na hakurudishwa mpaka alipoomba radhi kwa maneno matupu.

Hapo ndipo Fundi Hemedi Kirobo alipoandika: "Haya. Umefanya vema. Mizani haina shemeji." Watu wakacheka, naye tangu siku hiyo akawa anafungia kila ujumbe wake kwa maneno hayo.

Fundi Hemedi alikuwa mwanachama wa pili, baada tu ya Sikudhani mwenyewe. Kwa miaka thelathini alitengeneza mizani za watu katika karakana ndogo yenye harufu ya grisi, na mkewe, Bi Mashavu, aliuza viungo mlango wa pili. Sikudhani alipofungua duka akiwa msichana asiyejua kitu, ni Hemedi aliyekuja kuikagua mizani yake, akamwambia mbele ya wateja kwamba inapunja. Siku hiyo alimchukia. Kufikia mwisho wa mwaka, mtaa mzima ulikuwa unanunua kwake kwa sababu mizani yake haina mashaka. Alimpenda mzee yule kama mtu anavyompenda aliyemwambia ukweli mapema.

*

Sasa Mtukufu alisafiri ng'ambo, kama ilivyokuwa desturi yake, kwenda kuangalia kama ng'ambo bado ipo. Huko akaonyeshwa jumuiya za mtandaoni za wafanyabiashara, watu maelfu wanazungumza, wanajibizana, wanakuzana. Aliporudi aliwauliza mawaziri wake sitini na wawili, "Yetu iko wapi?" Mawaziri wakavitazama viatu vyao. Ilipogundulika kwamba viatu havina jibu, ikaundwa wizara ya sitini na tatu, Wizara ya Uchangamfu na Mijadala Yenye Tija, akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Tosiri Mapande, mtu aliyekuwa na sifa ya kutowahi kunyamaza tangu azaliwe.

Ndani ya wiki moja magari tisa meusi yalisimama mbele ya duka la magunia.

"Bibie," alisema Mheshimiwa Mapande, akiwa amesimama juu ya robota la mifuko kwa sababu hakukuwa na jukwaa, "jumuiya ni mti. Lakini si mti wa mbao, ni mti wa mtandao! Mizizi yake ni vidole gumba, majani yake ni maoni, na matunda yake, matunda yake ni takwimu! Wewe umekaa na watu arobaini na watatu. Huo, kwa lugha ya upole, ni uchoyo. Taifa lina wafanyabiashara elfu arobaini na mbili. Kuanzia Jumatatu wote ni wanachama wako."

"Wameomba kujiunga, Mheshimiwa?"

"Hawajakataa."

"Na mimi nitawajuaje wote hao?"

"Si kazi yako kuwajua, bibie. Kazi yako ni kuwakuza."

Akamvisha utepe wa kijani ulioandikwa Mlezi Mkuu. Na hapa tuseme kweli, ingawa tunampenda: Sikudhani alifurahi. Usiku ule alijiangalia kwenye kioo na utepe wake. Aliwaza watu elfu arobaini na mbili wakikwamuana, nchi nzima imekaa kwenye benchi moja la dukani, na machozi yakamlengalenga.

Kundi likabadilishwa jina likaitwa Jukwaa la Taifa la Wanabiashara Wachangamfu. Mazungumzo yote ya zamani yakafutwa, ili Jukwaa lianze likiwa safi. Kisha ukatoka Waraka wa Kwanza wa Uchangamfu. Kila mwanachama atainua kidole gumba kwa kila ujumbe rasmi ndani ya saa moja. Ukimya ni maoni, ulieleza waraka, na maoni yasiyosemwa ni ya hatari kuliko yanayosemwa kwa kuwa hayana tarehe wala saini. Sikudhani aliusoma mara mbili. Aliona ni lugha ya ofisi tu, akaukunja, akauweka chini ya kikombe.

*

Uzinduzi ulifanyika katika Ukumbi wa Ushindi, mbele ya skrini yenye ukubwa wa nyumba. Mtukufu mwenyewe alihudhuria. Bendi ilipiga, kwaya ikaimba wimbo uliotungwa na kamati, na ilipotimu saa moja barabara Sikudhani akaitwa jukwaani aandike ujumbe wa kwanza wa Jukwaa la Taifa.

Akaandika alichoandika kila asubuhi kwa miaka minne. Herufi zikajitokeza kwenye skrini, kila moja ndefu kama mtu: "Nani amekwama leo?"

Mheshimiwa Mapande aligeuza shingo polepole.

Dakika moja ikapita. Watu elfu arobaini na mbili walikuwa wakilitazama swali lile, majumbani na madukani, na hakuna aliyejibu. Dakika ya pili ikapita. Mpiga ngoma wa bendi akakohoa, akamwomba radhi jirani yake. Dakika ya nne skrini ikatikisika, na likatokea jibu moja.

"Haya. Mimi nimekwama. Wametuletea mawe mapya ya mizani ya serikali. Yameandikwa kilo moja. Nimeyapima mara tatu, ni gramu mia tisa. Nikiyatumia nawapunja watu, nikiyakataa nanyang'anywa leseni. Anayejua njia anionyeshe. Mizani haina shemeji."

Sikudhani alikuwa na simu mkononi. Alijua la kumjibu: usiyakatae, andika barua ya kuomba yakaguliwe, mimi na wewe tutaipeleka pamoja. Alikwishaandika "Fundi, usiyakatae" wakati kiganja chenye pete cha Mheshimiwa Mapande kilipoifunika simu yake, kwa upole, kama mtu anavyomfunika kifaranga.

"Huyu ni nani?" Mtukufu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ni mwanachama mchangamfu, Mtukufu."

"Naona," alisema Mtukufu, akatabasamu.

Makofi yakalipuka, kwa sababu Mtukufu alikuwa ametabasamu. Kabla hayajaisha, magari mawili yalikuwa yameshaondoka ukumbini.

*

Shitaka lilisomwa redioni siku iliyofuata: Hemedi Kirobo anatuhumiwa kulipunguzia Taifa uzito.

Sikudhani alivaa utepe wake wa Mlezi Mkuu akaenda wizarani. Alipokelewa vizuri mno. Akapewa juisi, akapewa biskuti, akapewa kiti kinachozunguka.

"Hajakamatwa," Mheshimiwa Mapande alimtuliza. "Amehifadhiwa. Unajua bibie, Mtukufu ana moyo mpana. Amesema siku Jukwaa litakapofikisha asilimia mia ya uchangamfu, yaani kila mwanachama amejibu, hata mmoja hajabaki kimya, atatoa msamaha kama zawadi kwa wanachama. Sasa mzee wako yuko mikononi mwako. Si mwangu."

"Asilimia mia?"

"Mia. Na lile swali lako, bibie, tumelifanyia marekebisho madogo."

Tangu siku hiyo ujumbe wa asubuhi uliandikwa wizarani, naye akawa anaunakili neno kwa neno: "Nani anasonga mbele leo?" Na wanachama walijibu, "Mimi!" Ndiyo jibu lililoidhinishwa.

Basi Sikudhani akafunga mkaja. Hakuna mwanamke aliyewahi kuhangaikia kidole gumba kama yeye. Alizunguka nchi nzima kwa gari la wizara. Aliwafundisha wauza samaki kuinua kidole kwenye simu bila kuipaka magamba. Aliwapigia wachonga majeneza na wenye mashine za kusaga, akawabembeleza, akawaapisha kwa vichwa vya watoto wao. Alimkuta mjane mmoja anatoka makaburini, akamshika mkono, akamsaidia kubonyeza. Baadaye, ndani ya gari, alijiona mchafu, lakini alimfikiria Hemedi amekaa sakafuni na goti lake bovu, akaendelea na safari.

Aliambiwa pia kwamba wapo Wakaguzi wa Uchangamfu wanaopita nyuma yake. Kulikuwa na fundi cherehani wa kaskazini, Gerevasi, aliyekamatwa na malaria akakaa kimya asubuhi mbili. Wakaguzi walimtembelea. Sikudhani alipouliza habari zake akajibiwa kwamba anaendelea vizuri, na kweli, tangu hapo Gerevasi alikuwa wa kwanza kila siku kuandika "Mimi!", saa moja kamili, sekunde ileile. Akapewa cheti.

Baada ya miezi saba, uchangamfu wa nchi ulisomeka asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa saba. Alibaki mtu mmoja tu. Sikudhani alikimbia wizarani na jina lake kwenye karatasi, akihema, tayari kwenda kumpigia magoti mtu huyo popote alipo, na njiani ndipo alipolisoma. Mwanachama namba mbili. Kirobo, Hemedi.

"Mheshimiwa, lakini huyu si yuko kwenu!"

"Ndiyo maana nasema tatizo ni lake."

"Mtoeni basi kwenye Jukwaa."

"Kupunguza wanachama ni hujuma."

"Basi mpeni simu yake, ainue kidole mara moja tu."

"Simu ni kielelezo cha kesi, bibie."

"Na kesi ni lini?"

Mheshimiwa Mapande akafungua jalada, akalisoma kwa makini ya mtu mwenye haki. "Baada ya msamaha," alisema.

*

Aliyeleta njia alikuwa Bwana Ladislaus Chogo, karani wa serikali wa miaka mingi, amebakiza kidogo kustaafu, mtu mpole mwenye mwavuli na daftari jeusi. Alikuja dukani asubuhi moja, akakung'uta viatu mlangoni, akaomba chai kama ipo.

"Mama, jambo lenyewe dogo," alisema. "Wizara inaweza kumsaidia mzee kuandika. Mara moja tu, ifike mia, atoke. Lakini haipendezi aonekane anaandika kama karani. Watu wanaompenda wataumia. Nina fomu hapa, inaitwa Fomu ya Sauti ya Mwanachama. Unaniambia yeye huandikaje, basi."

Akafungua daftari. Lilikuwa jipya, ukurasa wa kwanza ukiwa mweupe kabisa.

Sikudhani alisita. Moyo wake ulimwambia neno, ila lilikuwa neno lisilo na sauti, nao muda ulikuwa umekwenda, na nje ya karakana ya mizani Bi Mashavu alikuwa anafagia kila siku kama vile mwenyewe anarudi mchana.

"Huanza na Haya," alisema.

"Haya." Bwana Chogo akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. "Haya, halafu alama ya mshangao?"

"La, nukta. Fundi Hemedi hajawahi kushangaa."

"Vizuri. Endelea, mama."

Akaendelea. Akamwambia kwamba hana salamu, kwamba sentensi zake fupi, kwamba goti lake la kushoto humuuma mvua ikikaribia naye hulitaja kabla ya watu wa hali ya hewa. Akamwambia hufunga na mizani haina shemeji. Alivyosema ndivyo alivyozidi kumwona, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba akacheka kidogo. Bwana Chogo naye akacheka, akamshukuru kwa chai.

Kesho yake, saa moja na dakika mbili: "Haya. Mimi nasonga mbele. Goti langu leo jepesi. Mizani haina shemeji."

Asilimia mia. Mizinga ilipigwa. Wanafunzi walitolewa madarasani kushangilia. Mheshimiwa Mapande alihutubia saa tano mfululizo, akavishwa nishani, akaanguka kwa furaha, akaendelea kuhutubia akiwa amelala. Sikudhani hakusubiri. Alikuwa ameshampitia Bi Mashavu, na wawili hao walikuwa wamesimama kwenye lango la mahabusu wakiwa na kanzu iliyonyooshwa na chupa ya uji wa mtama.

Walisimama mpaka jua likawa utosini. Hatimaye askari wa zamu akafungua kidirisha.

"Shikamoo mama. Mnamtaka nani?"

"Marahaba, baba," alisema Sikudhani. "Hemedi Kirobo. Leo kasamehewa."

Askari akapitisha kidole kwenye kitabu chake, akarudia tena kutoka juu. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akatafuta, uso ukamchangamka.

"Mama, huyu mbona yuko nje! Kaandika leo asubuhi, nimempa kidole mimi mwenyewe. Anasema goti jepesi." Akawageuzia simu waone. "Mtu hawezi kuwa huku na akawa kule. Humu hayumo, na kwenye kitabu hayumo. Sasa tumwachie nani?"

"Jana mlipokea uji wangu," alisema Bi Mashavu. "Na juzi."

"Jana alikuwa hajaandika, mama." Kidirisha kikafungwa.

Bi Mashavu alisimama pale muda mrefu amekumbatia chupa. Sikudhani alitamani apige kelele, apige lango mateke, afe. Bibi yule hakulia. Alimgeukia, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza njia.

"Siku, mwanangu. Goti la mume wangu tunalijua watu wangapi?"

Bi Mashavu akamtazama mpaka akaelewa, akainama, akaiweka chupa ya uji chini kwenye vumbi, akaenda zake peke yake.

*

Tangu hapo Fundi Hemedi aliandika kila siku. Alisonga mbele Jumatatu, alisonga mbele Jumanne. Alizisifu sana kilo mpya za serikali. Goti lake halikuuma tena, hata masika yalipofika na mji ukafurika maji.

Asubuhi moja ya masika hayo Sikudhani hakuunakili ujumbe wa wizara. Alikaa dukani mlango ukiwa wazi, akaandika ujumbe wake mwenyewe: "Nani amekwama leo? Fundi Hemedi amekwama. Anayeandika kwa jina lake si yeye. Kosa ni langu." Akatuma.

Simu ikafikiri. Kisha ikaandika kwa herufi ndogo za adabu: "Asante, Mlezi Mkuu. Ujumbe wako unapitiwa na Kamati ya Furaha." Alijaribu kumpigia Zuberi Malori, laini ilikuwa imekatika. Alijaribu kumpigia shemeji yake, vilevile. Na Jukwaani, mbele ya macho yake, likatokea jina alilolijua: "Haya. Mimi sijakwama. Hakuna aliyekwama. Mizani haina shemeji."

Bado alikuwa anayatazama maneno hayo aliposikia mtu anakung'uta viatu mlangoni.

"Hodi, mama," alisema Bwana Ladislaus Chogo. "Chai ipo?"

Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, lilikuwa limesimama gari moja jeusi, na ndani yake watu wawili waliokuwa wakitazama mbele tu. Sikudhani akammiminia chai. Bwana Chogo akaketi kwenye benchi lile la wateja, akaweka mwavuli kando, akafungua daftari lake jeusi. Halikuwa jipya tena. Alifunua kurasa nyingi, moja baada ya nyingine, na zilipokuwa zikipita Sikudhani alisoma majina juu yake kwa mwandiko ule mzuri. Wachonga majeneza. Wenye mashine za kusaga. Fundi cherehani Gerevasi, wa kaskazini. Safari ile ya kwanza aliandika kwenye ukurasa wa kwanza. Sasa karani alikaribia jalada la nyuma ndipo akapata palipo peupe. Juu yake alikuwa ameshaandika jina: Mbaruku, Sikudhani.

"Mimi nipo hapa," alisema Sikudhani. "Mnataka kuniandikia ya nini, na mimi nipo?"

"Ni utaratibu tu," alisema Bwana Chogo, kwa huruma ya kweli. "Shida, mama, ni kwamba jumbe zako zote za karibuni ni za kwetu, na zile za zamani zilifutwa. Wizarani hakuna anayejua wewe mwenyewe huandikaje. Nikadhani nije nikuulize, kuliko kubuni. Watu wanaokupenda wataumia." Akachovya biskuti. "Huwa unaanzaje?"

Sikudhani alitazama duka lake. Alitazama mizani yake mezani, ile iliyokaguliwa miaka hiyo yote, mshale wake umetulia kwenye sifuri. Alifungua mdomo aseme swali lake la kila asubuhi, akakumbuka jinsi alivyolisema lile Haya, lenye nukta, lenye goti, bila hata kushurutishwa. Akaufunga. Alipoufungua tena, sauti yake ilikuwa shwari kabisa.

"Huwa naanza na ua," alisema.

"Ua?"

"Waridi. Liwe na umande."

Bwana Chogo akaandika. "Jekundu?"

"Jekundu. Na chini yake maneno kwa rangi ya dhahabu, uwe na siku yenye baraka. Siwezi kuanza siku bila hilo. Kila mtu anajua."

"Na unamalizia vipi, mama?"

"Na ua jingine."

"Afadhali wewe," alisema karani, akifunga kalamu. "Wengine huwa wagumu." Akamalizia chai yake, akasuuza kikombe mwenyewe. Sikudhani akajitanda khanga, akafunga duka, akaushika ufunguo, kisha akaona hana sababu ya kuushika, akautundika kwenye kitasa. Hakukuwa na mvua, lakini Bwana Chogo alimfungulia mwavuli mpaka garini.

*

Kesho yake, saa moja barabara, waridi jekundu lilichanua kwenye simu elfu arobaini na mbili. Umande wake ulimetameta. Vidole gumba vikainuka nchi nzima, na Fundi Hemedi alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na Gerevasi.

Zuberi Malori aliliona akiwa barabarani. Akalisogeza lori pembeni, akazima injini. Shemeji yake Sikudhani, yule aliyetolewa siku ya pili, alilitazama ua lile mpaka chai yake ikapoa, akajishika kichwa. Na Bi Mashavu, ambaye alikuwa ameapa kutolitaja tena jina la mwanamke yule, aliiweka simu juu ya gunia la pilipili manga, akakaa chini, na hapo ndipo alipolia. Hakuna aliyempigia mwenzake. Hakukuwa na haja. Watu wa Kukwamuana waliokuwa wamebaki walikuwa arobaini na mmoja, wametawanyika mji mzima, na kila mmoja kwa wakati wake aliirudisha simu mfukoni bila kuinua kidole.

Saa mbili ilipogonga, uchangamfu wa nchi ulisomeka asilimia tisini na tisa nukta tisa.

Saa tatu stoo ya wizara ilifunguliwa. Bwana Ladislaus Chogo alisaini madaftari mapya meusi arobaini na moja, akayapanga mezani kwa unadhifu, na makarani arobaini na mmoja wakasimama foleni kugawiwa miavuli.